Miezi 27, hana maneno wala hanyooshi kidole, na mama anafika kliniki mara moja kwa mwezi: mpango wa nyumbani uanzie wapi?

tiba_vitendo_wilayani

Habari za kazi wadau. Swali ni kwa wanaoshughulika na watoto wadogo wenye usonji, hasa wataalamu wa usemi, maana hapa wilayani hatuna hata mmoja. Mimi ni wa tiba kwa vitendo.

Mtoto wa kiume, miezi 27. Maneno hana. Sauti anazo nyingi ila hazimlengi mtu. Hanyooshi kidole wala haleti kitu kukuonyesha. Akitaka kopo lililo juu ya kabati anamshika mama kifundo cha mkono na kuusukuma kuelekea kopo, macho yakiwa kwenye kopo tu. Ukimwita jina hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikichakarika chumba cha pili anatokea. Anapenda kuzungusha vifuniko vya sufuria, kumimina maji na kubebwa mgongoni. M-CHAT-R, lile dodoso la mzazi la kuchuja dalili za usonji, imetoa alama 13, imevuka 8 ya hatari kubwa, kwa hiyo hatukuhitaji usaili wa ziada. Rufaa imeandikwa, foleni ndefu.

Nyumbani yupo bibi na dada zake wawili wa shule ya msingi. Wanachotaka wote ni maneno, na wanamfundisha kwa "sema maji, sema mama, hii nini?" kutwa nzima. Pesa ya vifaa hakuna.

Naomba kujua lengo la kwanza liwe lipi, zoezi lifanyikeje hatua kwa hatua, dakika ngapi kwa siku, na walezi hukwama wapi wakiachwa peke yao wiki nne. Maelezo ya usonji ni nini ninayo, shida yangu ni mbinu.

sikio_sawa

Kabla ya mbinu, masikio. Kuja kwa sababu ya karatasi ya biskuti hakuthibitishi kwamba anasikia usemi. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio anaweza kuisikia karatasi leo, na wiki ijayo asimsikie mtu anayemwita kwa sauti ya kawaida.

Ukipata kituo chenye OAE (kile kipimo cha kusikia cha kipira kinachowekwa sikioni kwa dakika chache), muulize mama kwanza kama mtoto alipata umanjano mkali siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, au alilazwa muda mrefu wodi ya watoto wachanga. Kama jibu ni ndiyo, OAE pekee haitoshi. Umanjano unaweza kuharibu mshipa wa fahamu wa kusikia huku sikio la ndani likiwa zima, na OAE hupima sikio la ndani tu, kwa hiyo majibu yanatoka "mazuri". Hapo omba ABR, kipimo cha mshipa huo kinachofanywa mtoto amelala akiwa na vibandiko kichwani.

Uliza pia kama aliwahi kuwa na maneno yakapotea, na kama kuna vipindi vya kuduwaa au kushtukashtuka. Vikiwepo, amwone daktari wa watoto mapema, asingoje foleni ya usonji.

Mazoezi ya nyumbani yaendelee wakati haya yanafuatiliwa. Hayana cha kupoteza.

usemi_pwani

Pole na kazi. Nakubaliana na wa hapo juu, nakwenda moja kwa moja kwenye mbinu.

Lengo la kwanza lisiwe neno. Liwe hili: mtoto amfanye mtu aendelee na kitu ambacho wanakifanya pamoja. Huyu anajua kutumia mkono wa mtu, ila mtu mwenyewe bado hajaingia kwenye hesabu zake. Ukianza na "sema maji" unadai ghorofa ya pili wakati msingi haujachimbwa.

Chagua michezo miwili tu ya mwili na mmoja wa kitu. Mama akipewa kumi atafanya yote nusunusu. Nieleze mmoja kwa kirefu, mingine inafuata mkondo huohuo.

Mchezo wa khanga. Mtoto amelala chali kwenye mkeka au ameegemea mto, mama amekaa mbele yake, uso wake ukiwa mahali ambapo mtoto akiinua jicho kidogo tu anakutana nao. Mama akisimama, mtoto ataona magoti. Khanga inapandishwa polepole na maneno yaleyale kila mara: "inakuja… inakuja…", kisha inaangushwa tumboni: "pu!" Kasi ileile, sauti ileile, mara 4 au 5 bila kumdai chochote. Hapa mtoto anajifunza mpangilio, na asiyejua kinachofuata hana cha kuomba.

Mara ya tano au ya sita khanga inapanda na kubaki juu. Mama ananyamaza kabisa, nyusi juu, uso wa mtu anayengoja habari njema, anahesabu kimoyomoyo mpaka 5, akiweza mpaka 10. Ishara yoyote inakubalika: kutupa jicho, kurusha miguu, kutoa sauti, kuinua tumbo, kuivuta khanga. Ikitokea, khanga inashuka papo hapo. Ikichelewa hata sekunde tatu mtoto hataunganisha alichofanya na kilichotokea. Ikifika 10 bila kitu, khanga ishuke tu bila lawama, mrudie mara mbili tatu kamili, ndipo mjaribu kungoja tena.

Mambo yanayoharibu zoezi hili nayaona yakijirudia kwa walezi karibu wote. Wanangoja mapema mno, kabla mtoto hajauzoea mchezo. Au wanasimamisha kila mzunguko, na furaha inageuka mtihani. Au wanaongea katikati ya kungoja: "eeh? unataka? sema basi!" Kimya kile ndicho nafasi ya mtoto, mama akikijaza hakuna zamu iliyobaki. Kosa la nne ni kungoja macho peke yake. Usimdai mtoto mwenye usonji akutazame usoni, na kamwe usimgeuze kidevu. Miguu ikirushwa, hilo ni jibu.

Mgongoni ni hivyohivyo: mama anachuchumaa, mtoto anapanda, hatua tano "twende, twende, twende", anasimama ghafla. Mtoto akijitikisa, wanaendelea. Uzuri wake ni kwamba bibi na dada wanaweza. Ubaya ni kwamba mtoto haoni uso, kwa hiyo usiwe mchezo pekee.

Wa kitu: maji. Beseni lenye maji ya kufika kifundo cha mguu, jagi likiwa mkononi mwa mama, siyo la mtoto. Anamimina kidogo, anasimama, jagi linabaki limeinama. Usimwache peke yake na hilo beseni hata dakika moja.

Kuhusu kushika kifundo cha mkono: asigombezwe. Ni mawasiliano tayari. Anaposukuma mkono, mama aufungue kiganja, ashuke awe kati yake na kabati, akiguse kitu kwa kidole cha shahada, aseme neno moja "kopo", ampe. Kidole kikiguse kitu chenyewe. Kunyoosha kuelekea kitu kilicho mbali bado ni kitendawili kwake. Baada ya siku kadhaa kidole kisimame inchi nne hivi kabla ya kitu, kisha mbali zaidi. Zoezi la kidole chake mwenyewe: mama ashike vitu viwili, mkono huku na mkono kule, umbali wa kama nusu mita asivifikie. Kimoja anachokipenda, kingine soksi. Mwanzoni kunyoosha mkono wazi kunatosha, apewe. Ukimpa soksi aliyoielekea kwa bahati mbaya naye akaisukuma, hata huko kukataa ni mawasiliano mazuri, ubadilishie.

Vifuniko vya sufuria msivifiche. Mama achukue chake, akae mbele ya mtoto, azungushe kila mtoto anapozungusha. Kifuniko cha mtoto hakiguswi. Mtoto akianza kutupa jicho kwenye kifuniko cha mama, siku hiyo mama abadilishe kitu kimoja: kifuniko kianguke "pa!" Mara nyingi hapo ndipo mtoto anamwangalia mtu mzima kuona kama kitatokea tena.

Maneno ya mama yawe machache, na Kiswahili kimetupa zana ambayo walezi hawaitumii: tanakali za sauti. Pu, pa, chubwi, tapwi. Ni fupi, zina mdundo, zinaenda na tukio linaloonekana, na mtoto anaweza kuzitoa kabla hajaweza "maji". Kijiko kikitumbukia beseni, "chubwi!" peke yake inatosha. Baada yake yaje maneno ya kuendesha mchezo: tena, basi, toa, panda, bado. Majina ya rangi na wanyama yasubiri.

Muda: dakika 5 mara 4 au 5 kwa siku, zikiwa ndani ya kuoga, kuvaa, kula, kuosha vyombo, kulala. Saa moja ya kukaa mkekani "kufanya tiba" hufa wiki ya pili, mama ana kazi.

tiba_vitendo_wilayani

Asante sana, hii naweza kuifundisha kesho. Nyongeza mbili. Bibi ana msimamo kwamba akililia uji anyimwe mpaka atamke. Na je, picha za mtoto kuombea vitu zianze sasa au tungoje maneno? Kuna mwenzangu anasema picha zitamfanya mvivu wa kuongea.

mwalimu_mahitaji

Naingilia kwa upande wa picha, usemi_pwani atanisahihisha.

Hazimfanyi mvivu. Tafiti zilizokusanywa na Millar na wenzake mwaka 2006 hazikuona usemi ukirudi nyuma kwa sababu ya picha au ishara. Watoto wengi waliongeza maneno kidogo, wengine walibaki palepale. Kwa hiyo usimwahidi mama kwamba picha zitaleta maneno. Mwambie zinampa mtoto njia ya kuomba wakati huu ambapo maneno hayapo.

Anza na vitu halisi: kikombe kitupu kumaanisha maji, kitambaa cha mbeleko kumaanisha kubebwa. Kisha picha zilizopigwa kwa simu za vitu vyake mwenyewe, ukubwa wa kiganja cha mtoto, zikifunikwa kwa selotepu pana zisilowe uji. Michoro ya mtandaoni yenye bomba la Ulaya na kikombe asichokijua mwachie mwenyewe aliyeichora.

Hatua ya kwanza ya PECS, ule mfumo wa mtoto kutoa picha ili apewe kitu, inataka wasaidizi wawili, na hapa ndipo nyumba nyingi huikosea. Mmoja yupo mbele ya mtoto na kitu. Wa pili yupo nyuma, haongei kabisa. Mtoto anapojinyoosha kutaka kitu, yule wa nyuma anamwongoza mkono kuchukua picha na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Wa mbele anataja kitu na kukitoa mara moja. Msaada wa nyuma unapunguzwa kuanzia mwisho: kwanza anaachwa aachie picha mwenyewe, kisha aipeleke mwenyewe, mwisho aiokote mwenyewe. Mama akifanya peke yake atalazimika kusema "nipe picha, chukua picha", na mtoto atazoea kungoja aambiwe. Dada mkubwa anaweza kuwa wa nyuma.

Na kwa mtoto mwenye hasira za haraka, sekunde 10 ni nyingi. Ningeanza na 3.

usemi_pwani

Kwenye sekunde nakubali nusu. Kipimo ni mwili wa mtoto: akiwa bado anatazama khanga, ngoja. Akianza kugeuka kuondoka au kulia, umepitiliza, shusha khanga. Mlezi anayejua hilo hahitaji namba.

Kwenye kuongoza mkono kutoka nyuma nina wasiwasi zaidi. Huyu mtoto mwenyewe anatumia mikono ya watu kama vifaa, na sisi tukianza kumtumia wa kwake hivyohivyo tunaweza kumfundisha kwamba ndivyo watu wanavyofanyiana. Akiukaza mkono au kuuvuta, acha siku hiyohiyo. Weka picha karibu na kitu, igusie mwenyewe kila unapompa, umwone kama ataigusa. Huchukua muda mrefu zaidi lakini hakuna mvutano.

Bibi na uji: hapana. Chakula cha kushibisha si zana ya kufundishia. Mtoto mwenye njaa anayelia hajifunzi chochote isipokuwa kwamba wakati wa kula ni vita, na watoto wengi wenye usonji tayari ni wagumu kula. Ale ashibe. Baadaye, akiwa mtulivu, tumieni kitafunwa kidogo: andazi moja likatwe vipande vinane, liwekwe kwenye kopo angavu lenye kifuniko cha kuzungusha asichoweza kukifungua, apewe kopo lote. Ataligeuza, ataligonga, kisha atalileta au kulisukuma. Hapo mama anafungua, anatoa kipande kimoja, anafunga, analirudisha. Vipande vinane ni nafasi nane za kuomba. Andazi zima ni moja. Karanga na njugu zisitumike, umri huu zinapalia.

mlezi_kata

Kuhusu wiki nne bila kuonana, kuna kitu kimejaribiwa mahali penye upungufu kama wetu. Mpango wa PACT wa Uingereza, ambamo mzazi anatazama video yake mwenyewe akicheza na mtoto pamoja na mtaalamu, ulirekebishwa ukaitwa PASS na kupelekwa Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistani. Vikao 12, vikiendeshwa na wahudumu wasio wataalamu waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo yalitoka 2016, watoto 65. Wazazi walianza kumfuata mtoto zaidi, na watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi. Haukuwa muujiza: muda wa mzazi na mtoto kuzingatia kitu kimoja pamoja ulipungua badala ya kuongezeka. Lakini unaonyesha kwamba video na mtu wa kawaida aliyefundwa vinafanya kazi fulani.

Kwako: mama atume video ya dakika 2 kwa WhatsApp kila wiki, simu ikiegemezwa kwenye ndoo na nyuso zote mbili zionekane. Dada akishika simu atacheka na mtoto atamfuata yeye. Wewe usimrudishie orodha ya makosa. Chagua sekunde 20 ambapo mtoto alifanya kitu naye mama akajibu vizuri, mwandikie muda wake, mwombe aongeze hicho. Kosa moja tu kwa wiki.

Kupima kwa mwezi, tazama dakika 5 za mchezo na uhesabu vitu viwili. Mtoto ameanzisha mara ngapi, kwa njia yoyote? Mama ametoa amri au maswali ya mtihani mara ngapi, yaani sema, hii nini, angalia? Cha pili huanza kushuka kabla cha kwanza hakijapanda. Kisiposhuka, mazoezi hayafanyiki kama ulivyofundisha, hata mama akisema anafanya kila siku.

Wale dada wa shule ya msingi usiwaache nje. Mpe kila mmoja mchezo wake, kwa sababu watoto hawachoki kurudia kama watu wazima. Waambie sheria mbili: usimnyang'anye, ukisimamisha nyamaza. TV na simu zizimwe wakati huo. Kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linataka isizidi saa moja kwa siku, na kidogo zaidi ni bora.

Familia yenye lugha mbili isilazimishwe kuacha ya bibi. Bibi azungumze lugha anayochezea vizuri.

tiba_vitendo_wilayani

Nashukuru wote. La mwisho: bibi analalamika kwamba mjukuu "hana adabu", wageni wakija hasemi shikamoo. Wanamlazimisha mlangoni na analia. Na je, hii yote ya khanga na kopo ni kuomba tu. Kuonyesha kitu kwa ajili ya kushirikiana kunakuja lini?

usemi_pwani

Shikamoo: neno hilo kwa sasa liondolewe kwenye mahitaji, salamu ibaki. Mgeni akae kwanza. Mama amchukue mtoto dakika kadhaa baadaye, amsogeze, aseme yeye "shikamoo bibi" kwa niaba yake, mgeni aguse kichwa cha mtoto au anyooshe kiganja, aitikie "marahaba", basi. Sekunde tano. Mtoto akitoa mkono, hata bila kutazama, amesalimia. Asipotoa, mgeni aitikie vilevile. Mlangoni ni mahali pabaya kwa sababu kuna watu wapya, kelele na mwanga kwa pamoja. Bibi mwenyewe ndiye awaeleze wageni. Akipewa kazi hiyo huwa mkali kuliko sisi wote.

Kuonyesha: umeuliza swali kubwa. Kuomba huja mapema kwa sababu mtoto anapata kitu. Kuonyesha hakuna malipo isipokuwa mtu mwingine kufurahi naye, na kwa watoto hawa ndiko kunakochelewa zaidi, hata wale wanaoongea vizuri baadaye. Kwa hiyo usingoje kuomba kukamilike. Anza sasa, kwa kiasi kidogo, bila kudai jibu.

Mbinu ni kuleta jambo lisilotarajiwa ndani ya kitu anachokijua. Mama avae kiatu cha mtoto kichwani wakati wa kuvaa, akae kimya. Kwenye kopo la andazi kuwe na kijiko. Kuku akiingia uani, mama ashuke, anyooshe kidole akiwa upande uleule wa mtoto, kidole kipite mbele ya macho yake, aseme "kuku!" kwa mshangao wa kweli na kuishia hapo. "Kuku yuko wapi? Kuku anafanyaje?" inarudisha mtihani. Kama mtoto anatazama kidole na si kuku, kuku yuko mbali mno. Rudi kwenye vitu vilivyo ndani ya mita moja, na uvigonge kwa kidole vitoe sauti.

Naye akileta kitu, hata kama ni kifuniko kilekile kwa mara ya ishirini, kisichukuliwe na kuwekwa pembeni. Mama akiangalie, aseme neno moja, "kifuniko!" au "kubwa!", akirudishe mkononi mwake. Kikichukuliwa, mtoto hujifunza kwamba kuonyesha ni kupoteza. Hilo lianze hata kabla ya ile video ya kwanza.